Nyongeza Haiuzwi

Ungetaka kujua Madam alikuwa mtu wa aina gani, ungekaa asubuhi moja kwenye kibanda changu cha gemu pale Lurambi, Kakamega, ukasubiri mlango ufunguke. Wale vijana wa kelele, wanaotukaniana mama kwa sababu ya bao la kwenye skrini, wangeshusha miguu kutoka kwa viti, na mmoja angezima muziki bila kuambiwa. Madam hakuwa amesema neno. Alikuwa amesimama tu mlangoni akikung'uta mwavuli, mkoba ameubana kwapani, akitupitia kwa macho kama anaita rejista. Nusu yetu alikuwa ametufundisha hesabu shule ya msingi. Nusu nyingine iliogopa kwa kufuata wenzao.

"Mulembe," angetusalimu kwa Kiluhya.

"Mulembe, Madam," tungeitikia kwa pamoja. Na Mungu anisamehe, hata mimi mwenye kibanda, mtu mzima mwenye mke na watoto, nilikuwa nasimama.

Niseme mapema usije ukapotea. Haya yote yanahusu nyumba mbili. Ya kwanza ni nyumba yake ya Amalemba, yenye ua wa mboga, sukuma wiki na mrenda, aliyokaa peke yake tangu astaafu. Kijana wake wa pekee, anayelima mahindi Likuyani, alitaka kumtoa humo ampeleke shambani, kwa sababu alisema mamake ameanza kusahau. Nyumba ya pili ilikuwa kwenye skrini yangu. Madam alipigania zote mbili kwa pamoja, na mimi nilikuwa katikati, mahali ambapo hakuna mtu mwenye akili anapendanga kukaa.

Gemu yenyewe tuliiita Nyumba, maana jina lake la Kiingereza ni refu na halimsaidii mtu. Kuna msichana amesimama mlangoni na taa. Ndani kuna vyumba vinavyosukumika: hiki unakipeleka kushoto, kile unakishusha, na ukisogeza kimoja unaziba kingine. Kazi yako ni kupanga vyumba mpaka msichana atoke mlango wa mbele hadi wa nyuma bila taa kuzimika. Kusema ni rahisi. Mimi ilinishinda nikaiacha imekaa kwa mashine, nikaendelea na mpira wangu unaoniletea ugali.

Madam hakuja kwangu kucheza. Alikuja kunifungia kibanda. Alikuwa amesikia kwamba watoto wa shule wanajificha kwangu saa za masomo, na akaja na ule mwavuli wake kutafuta sare chini ya viti. Hakupata hata soksi. Lakini siku hiyo kulikuwa na msichana mmoja wa chuo aliyekwama kwenye Nyumba, na Madam, badala ya kuondoka, alisimama nyuma yake. Akasimama. Akaendelea kusimama. Sisi wote tuliacha kupumua.

"Shusha chumba cha kulala," alisema mwishowe. "Halafu jikoni ipite juu."

Msichana akafanya hivyo, taa ikapita. Madam akavuta kiti, akaweka mkoba mapajani, akatoa kitambaa na kupangusa ile padi ya kuchezea kama kijiko cha hoteli asiyoiamini. Tangu hapo akawa mteja wangu.

Namna alivyocheza ilikuwa inaumiza kutazama. Hakugusa kitu kabla hajamaliza kufikiria. Angeweka padi mapajani, mikono juu yake, macho yakitembea kwenye skrini, na ungeweza kuchemsha chai ukainywa kabla hajabonyeza kitufe. Vijana walitaka kulia. Mmoja aliwahi kumwambia, kwa heshima kabisa, "Madam, si ujaribu tu yoyote uone?" Weee! Aligeuka polepole.

"Nijaribu yoyote? Kwani mimi natafuta mbuzi gizani?"

Alichukia kubahatisha kuliko alivyochukia kukosea. Darasani ungeandika jibu sahihi na bado upate sifuri, kwa sababu swali lake halikuwa umepata nini, lilikuwa umepataje. Mimi nilikuwa mmoja wa waliopata kwa kuchungulia, na aliniita "wewe wa nyuma" mpaka nikamea ndevu. Hata kwenye kibanda changu mwenyewe, mbele ya wateja wangu, nilibaki "wewe wa nyuma". Niliudhika, ndiyo. Lakini ukiniuliza leo nani mwingine ananikumbuka nilikaa wapi nikiwa mtoto, nitakwambia hakuna.

Alikuwa na vita vingine na ndimi zetu. Unajua sisi watu wa huku, herufi mbili zile, l na r, zinatuchanganya. Kijana mmoja alisema anataka "kuripa" saa moja, Madam akamsimamisha hapo hapo. "Kulipa. Ulimi juu. Lll." Kijana akafanya mazoezi mbele ya watu wazima, masikini. Lakini Madam akikasirika sawasawa, herufi zake zenyewe zilihama. Ndiyo njia tuliyojua hasira imefika wapi. Akisema "karamu" na anamaanisha kalamu, tafuta mlango.

Sasa, hii habari ya nyongeza. Mtu ambaye hajawahi kununua maharagwe soko la Kakamega anaweza asielewe. Ukishapimiwa gorogoro yako, kile kipimo cha mkebe, ukishalipa, mama muuzaji anachota tena kwa mkono na kukuongezea juu. Hiyo ndiyo nyongeza. Si sehemu ya bei. Ni ya urafiki, ni ya kusema rudi tena. Wengine wanaiomba, wanabembeleza, wanatishia kwenda meza ya pili. Madam hakuwahi kuomba. Alilipa, kisha akashikilia mfuko wazi, kimya, akimwangalia muuzaji usoni. Nimeliona hilo kwa macho yangu. Yule mama alichota mara moja, akaona mfuko bado uko wazi, akachota tena. Ndipo Madam akafunga mfuko na kumwambia, "Ubarikiwe." 

"Nyongeza haiombwi," aliniambia tukitoka. "Na haikataliwi. Ukiikataa umemtukana aliyekupa."

Kwa hivyo siku alipomaliza Nyumba, chumba cha mwisho kabisa, na vijana wakapiga makofi mpaka jirani yangu kinyozi akaja kuangalia, skrini ikaonyesha kitu kipya. Nyuma ya jikoni kulikuwa na ngazi. Kwenye ngazi kufuli. Na maandishi ya Kiingereza madogo sana.

"Inasema nini?" aliuliza, maana miwani yake haikufika huko.

"Kuna ghorofa juu, Madam. Hiyo ni nyongeza."

Ningesema nini kingine? Ndilo neno lililopo. Yeye akabonyeza kukubali bila hata kufikiria, mara ya kwanza tangu nimjue, kwa sababu nyongeza haikataliwi. Skrini ikamletea bei.

Ilikuwa karibu bei ya kuku wa kienyeji. Madam alisoma tarakimu zile kubwa, akaondoa miwani, akairudisha.

"Wewe wa nyuma. Umesema ni nyongeza."

"Ni nyongeza, Madam. Ni ya kulipia."

"Nyongeza ya kuripia?"

Kijana aliyekuwa karibu na mlango akatoka nje.

Alinipa somo siku hiyo, na vijana wote wakalipata bure. Mtu akikuuzia nyumba, ngazi ni ya nani? Fundi akijenga akaweka ngazi, kisha akasimama chini na kufuli anadai kuku mzima, ingokho yenye miguu na kichwa, huyo si fundi, huyo ni mwizi aliyevaa ovaroli. Nyongeza haiuzwi! Ikiuzwa ni bidhaa, na ikiwa bidhaa waiite bidhaa, wasichukue neno la akina mama wa soko wakalipaka matope. Nilijaribu kusema neno lile ni langu, la Kiingereza ni lingine. Hakutaka kusikia. Alichukua mwavuli wake akaenda.

Mimi nina hasira zangu pia. Kuitwa mshiriki wa wezi kwenye kibanda changu kuliniuma, na aliporudi nilikuwa nimejiandaa. Nilimwambia, "Madam, na ile tuisheni yako ya Jumamosi? Wiki nzima tumelipa karo, halafu Jumamosi tunalipa tena. Hiyo haikuwa ngazi yenye kufuli?"

Hata wale wa mpira walisimamisha mechi. Madam aliweka padi chini, akaondoka bila kuaga. Hakuonekana wiki nzima. Mke wangu aliposikia, aliniambia nimemtukana mzazi, na kwamba nikipatwa na radi nisimwite.

Aliporudi hakukaa. Alisimama mlangoni na mwavuli ukichuruzika maji.

"Nijibu," alisema. "Kuna kitu nilificha Jumatatu ili nikuuzie Jumamosi?"

Nilifikiria. Kusema kweli nilirudi mpaka darasa la sita, nikapekua. Alitufundisha kila kitu siku za wiki, mpaka kengele ikilia bado ana chaki mkononi. Jumamosi ilikuwa ya wale waliotaka kwenda mbali zaidi, au wale kama mimi waliokuwa wamebaki nyuma sana.

"Hapana, Madam."

"Basi hiyo ndiyo tofauti. Sasa nenda kaulize hao watu wako. Ile ghorofa waliijenga pamoja na nyumba wakaificha, au waliijenga baadaye?"

Nilitafuta kwenye simu. Watu waliokuwa wameicheza tangu ilipotoka walisema ngazi haikuwepo mwanzoni. Nyumba iliuzwa ikiwa kamili, na ghorofa ilikuja baadaye sana. Nilipomwambia, alikung'uta mwavuli. Kisha akasema, "Hapo sasa wanaweza kusikilizwa." Lakini hakununua. Alisema mtu kusikilizwa si lazima apewe.

Aina nyingine za nyongeza hakuzipa hata hiyo nafasi. Kulikuwa na vidokezo, unalipa na gemu inakuonyesha chumba cha kusogeza. Hivyo aliviita kuchungulia kwa risiti, na aliposema hivyo aliniangalia mimi. Kulikuwa na rangi za kuta, pazia, upuuzi wa kila aina. Alizipita zote kama mtu anayepita mlevi barabarani. Halafu akafika kwenye mavazi ya msichana wa taa, akasimama.

"Huyu mtoto hana viatu," alisema.

Na kweli, hakuwa na viatu. Mimi sikuwahi kuona.

"Ni katuni tu, Madam."

"Viatu ni ngapi?"

Alinunua viatu! Yule aliyekataa ghorofa nzima yenye vyumba vipya alilipia viatu vyeusi vya kamba ambavyo havisaidii chochote, msichana hatembei haraka zaidi, taa haiwaki zaidi. Nilipomuuliza kanuni yake imeenda wapi, alinijibu bila kugeuka, "Hiyo si nyongeza. Hiyo ni haki yake." Nilicheka mpaka nikaketi. Yeye hakucheka, alikuwa anamtazama msichana akitembea.

Sasa nije kwa kijana wake. Nataka niwe mkweli: mara ya kwanza sikumpenda. Alikuja na gari lenye matope ya Likuyani mpaka kwenye vioo, akasimama katikati ya kibanda changu na kusema kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Mama, nimekutafuta kote. Mlango uko wazi, jiko linawaka, sufuria imekuwa mkaa."

Madam hakugeuza kichwa. "Nilikuwa narudi."

"Jirani anasema ulitoka asubuhi."

Hapo ndipo nilijua. Kwa sababu kweli alikuwa kwangu tangu asubuhi. Na kulikuwa na mambo mengine niliyokuwa nimeyaona nikayafunika kwa heshima. Alikuja Jumatano akiwa amevaa gauni la kanisani na kofia, akaniuliza kwa nini sijafunga kibanda siku ya Bwana. Siku nyingine aliniita kwa jina la kaka yake aliyekufa, akaongea na mimi habari za ng'ombe aliyepotea, na mimi nikaitikia tu, ndiyo, ndiyo, tutamtafuta. Roho iliniuma. Lakini akishika padi alikuwa yule yule, makali yale yale, na mimi nilijipa moyo kwamba akili inayopitisha taa kwenye nyumba ile haiwezi kuwa inazimika.

Hilo ndilo alilomwambia kijana wake pia. "Kaa hapa," alimwamuru, na jitu lile la futi sita likakaa. "Tazama." Akaifungua Nyumba, akaipita chumba baada ya chumba, padi ikilia kidogo tu mikononi. Taa ikafika mlango wa nyuma.

"Mtu anayesahau anaweza hii?"

Kijana wake alijikuna shingo. Nilimwona anatafuta maneno laini na hayapati. "Mama, hiyo umeicheza mara nyingi. Hiyo umeikariri."

Ee bwana. Mwambie Madam amezeeka, mwambie ana deni, mwambie sukuma wiki yake ina wadudu. Usimwambie amekariri. Maisha yake yote alipigana na kukariri, alichapa watu kwa kukariri. Alishika ukingo wa meza, na nikaona vidole vinabadilika rangi.

"Mimi? Nimekaliri?"

Herufi ilikuwa imehama. Hakuna aliyecheka.

"Sisemi vibaya, Mama. Nasema hiyo haithibitishi kitu. Daktari alisema kile cha zamani kinabaki, ni kipya kinachokataa. Mimi silalangi nikifikiria hilo jiko."

Alisema hivyo na sauti ikakatika, na mimi nikaacha kumchukia hapo hapo. Mvua ilikuwa imeanza kwenye mabati. Madam aliangalia ngazi yenye kufuli kwa muda. Kisha akafungua mkoba.

"Wewe wa nyuma. Fungua hiyo ghorofa."

"Madam, ulisema..."

"Najua nilichosema. Fungua." Akamgeukia kijana wake. "Hii sijawahi kuiona. Hata huyu hajawahi. Nikiipanda mwenyewe, bila vidokezo, utaniacha kwangu?"

Alifikiria. "Nitakuacha."

"Na nisipopanda?"

"Jumamosi nakuja na lori."

Nilipakua ile ghorofa huku naomba intaneti ikatike, kwa mara ya kwanza katika biashara yangu. Haikukatika. Vijana wa mpira walizima mashine zao wenyewe wakaja kusimama nyuma yetu, na hakuna aliyeniambia nimrudishie pesa.

Ghorofa ile ilikuwa na ukatili wake. Ukisukuma chumba cha juu, cha chini nacho kinasogea, lakini cha chini hukioni. Lazima ukishike kichwani. Yaani unatembea juu na unakumbuka chini, yote kwa wakati mmoja. Kama ni shetani aliyetunga mtihani wa Madam, asingetunga mwingine.

Vyumba vya kwanza alivipita. Polepole, lakini alivipita, na kila taa ilipovuka kijana wake alitoa pumzi kwa mdomo kama mtu aliyebeba gunia. Nilianza kutabasamu. Kisha akafika kwenye chumba kirefu chenye madirisha. Akaweka padi mapajani. Akafikiria. Akasukuma kitu kimoja, akasimama. Akakirudisha. Akasukuma tena kile kile.

"Jikoni niliiweka wapi?" alisema.

Hakuwa anatuuliza. Alikuwa anajiuliza yeye mwenyewe, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kutoka kwake. Mimi na kijana wake tuliangaliana, kisha tukaangalia sakafu. Akajaribu tena. Taa ikazimika. Akaanza upya, ikazimika tena mahali pale pale.

"Mama," kijana wake alisema. Macho yalikuwa yamemjaa. "Bonyeza hiyo ya vidokezo. Mimi nitalipa. Bonyeza tu, tuite ni sawa."

Yule aliyekuja kumchukua ndiye aliyemwombea abaki! Nilitaka kumkumbatia.

"Hapana," Madam alisema.

"Mama, tafadhali."

"Nimesema hapana. Nitaishi kwa nyumba ya kuchungulia?" Akamnyooshea padi. "Hebu fanya wewe. Wewe mwenye akili nzima."

Kijana wake alikataa, akalazimishwa, akaishika kwa yale mavidole ya jembe. Akasukuma, akaziba, akazima taa. Akajaribu tena, akazima tena, jasho likimtoka. Akanipa mimi. Sikuvuka hata chumba cha kwanza cha juu. Vijana wakapokezana padi, mafundi wale wa kujisifu, na mmoja baada ya mwingine wakatoka wameinamisha kichwa. Mvua ilikwisha tukiwa hapo, hakuna aliyepita.

Madam alikuwa amekunja mikono. Alitutazama wote, mmoja mmoja.

"Basi," alisema, "lori lije kubwa. Tuhamie Likuyani sote."

Tulicheka, wacha nikwambie. Kijana wake alicheka mpaka akaweka kichwa kwenye meza, mabega yakitikisika, na baadaye sikuwa na uhakika tena kama ni kicheko. Madam alimwekea mkono kisogoni, akauacha hapo. Jumamosi lori halikuja. Alikuja binti wa dada yake Madam kutoka Khwisero, kukaa naye na kuangalia jiko.

Wateja wananiulizanga kila siku, hizi nyongeza zina maana kweli au ni kula pesa za watu? Mimi huwauliza swali la Madam: kuna kitu walikuficha Jumatatu ili wakuuzie Jumamosi? Kama kipo, funga mfuko uende. Kama hakipo, jiulize kama unataka kwenda mbali zaidi, na ujibu mwenyewe. Wengine wananiona nimechanganyikiwa. Ile ghorofa kwa mtu mwingine haifai bei ya yai, ni ngumu mno na haina hadithi. Kwa Madam ilikuwa sawa na miezi kadhaa katika nyumba yake, akivuna mrenda wake, akigombana na yule binti kuhusu chumvi. Bei yake mimi siwezi kuisema.

Alikuja mara ya mwisho msimu wa mahindi machanga, asubuhi, yule binti akimfuata hatua kidogo nyuma kama tulivyokubaliana. Kibanda kilikuwa kitupu. Alisema mulembe, nikasimama. Alikaa, akapangusa padi, akaipita Nyumba yote kwa mikono yake ile inayojua, mpaka nyuma ya jikoni. Hapo akasimama.

"Hizi ngazi zimewekwa lini?"

Binti alinitazama, nikajibu, "Zilikuwepo, Madam."

"Hazikuwepo."

Sikusema kitu. Na hapo nikawa nimejibu, maana mwalimu aliyekaa na watoto maisha yake yote anaijua sura ya mtoto anayeficha. Aliniangalia vile alivyoniangalia nilipokuwa na karatasi ya jirani chini ya kiwiko.

"Nimewahi kupanda?"

"Umewahi, Madam."

"Nilifika?"

Ningeweza kudanganya. Hakukuwa na mtu wa kunikosoa, na yeye asingekumbuka. Lakini nani anamdanganya Madam?

"Hukufika. Hata sisi hatukufika."

"Sikuulizi ninyi."

Alikuwa na macho makavu kabisa, akitazama ngazi zile vile alivyokuwa akitazama swali gumu ubaoni, bila haraka, bila kulilaumu. Mimi ndiye niliyekuwa nageuza uso.

"Na kijana wangu aliniacha tu?"

"Alikuacha."

"Ana moyo mwepesi, huyo. Tangu utotoni." Akavuta pumzi. "Mpigie simu. Mwambie nimesema aje anichukue. Mwambie ni mimi nimesema, si daktari, si huyu msichana. Umenisikia?"

"Nimesikia, Madam."

Nilichukua simu. Vidole havikutaka kutafuta jina. Yeye alikuwa tayari ameshika padi, msichana wa taa amesimama kwenye ngazi ya kwanza, akisubiri kuambiwa.

"Lakini asije mbio," alisema. "Mwambie nimeanza kupanda."